Wimbo upi uingie ibadani? Tenzi, pambio, nyimbo za waimbaji wetu na tafsiri za nje zikiwekwa bega kwa bega

Mwaka jana niliumwa koo kwa mwezi mzima, nikalazimika kukaa benchi la nyuma Jumapili nne mfululizo. Kwa miaka tisa nimekuwa kiongozi wa sifa katika kanisa la washirika kama mia mbili hapa Morogoro, na muda wote huo nilikuwa nikisikiliza ibada nikiwa mbele. Kule mbele spika za jukwaani zinakurudishia sauti yako na ya wenzako, unaamini kanisa zima linaimba. Nyuma nilisikia kitu kingine. Katika nyimbo tano za Jumapili ya kwanza, tatu ziliimbwa na watu saba wenye maiki. Wengine wote walisimama kwa heshima, wengine wameinua mikono, midomo imefunga. Mama aliyekaa kando yangu, ambaye nimemsikia akiongoza nyimbo misibani tangu nikiwa mtoto, alinyamaza kimya wimbo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wa nne lilikuwa pambio, na hapo ndipo nilipoisikia sauti yake.

Nilipopona sikurudi na orodha ile ile. Nilianza kulinganisha nyimbo kwa chanzo chake: zinatoka wapi, zinaimbika vipi na watu ambao hawakuja mazoezini Jumatano, maneno yake yanabeba nini, na ni kazi kiasi gani kuzipata zikiwa tayari kwa kinanda na gitaa. Ninaandika kwa ajili ya yeyote aliyepewa jukumu la kuchagua nyimbo za ibada na anajikuta kila Ijumaa usiku anazunguka YouTube na bando linakwisha.

Kipimo changu kikuu nakitaja mapema, kwa sababu hukumu zote zinazofuata zinakitegemea. Jumapili ya tatu tangu wimbo ufundishwe, kiongozi anarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye maiki na vyombo vinanyamaza kiitikio kimoja. Wimbo ukiendelea bila nyinyi, unafaa. Ukizima, tatizo lake mtalifahamu hapo hapo, na mara nyingi tatizo hilo halina uhusiano na imani ya waumini.

Tenzi na pambio

Vitabu vyetu vya nyimbo ndiyo akiba ya kwanza: Tenzi za Rohoni kwa makanisa mengi, Mwimbieni Bwana kwa Walutheri, Nyimbo za Kristo kwa Waadventista. Wengi wanaotafuta nyimbo za kisasa huviruka kwa haraka. Lakini wimbo wa zamani ukipigwa kwa ngoma, besi na kodi mpya (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni wa kisasa vya kutosha kwa kijana, na bibi yake anaujua kwa moyo. Hakuna chanzo kingine kinachokupa watu wa vizazi vitatu wakiimba pamoja siku ya kwanza. Maneno yake pia yana uzito: beti nne au tano zinazotembea kutoka dhambi hadi neema hadi tumaini la ufufuo, si wazo moja linalorudiwa.

Udhaifu wake uko ndani ya lugha, na huu nimeuona ukisemwa mara chache. Nyingi za tenzi hizo ni tafsiri za nyimbo za Uingereza na Marekani za karne ya 18 na 19. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kiingereza kinapenda kumalizia mstari kwa silabi nzito. Chukua ule unaoanza "Yesu kwetu ni rafiki", maneno yake ya asili yaliandikwa na Joseph Scriven mwaka 1855. Mstari wa kwanza una silabi nane na mapigo yanaangukia mahali pake: YE-su KWE-tu NI ra-FI-ki. Ndiyo maana unatoka mdomoni kwa urahisi. Mstari wa pili, "hwambiwa haja pia", una silabi saba, na tuni inakulazimisha uimbe HWA-mbi-WA ha-JA pi-A. Hakuna anayesema "haja" kwa namna hiyo sokoni wala nyumbani. Tumezoea kwa sababu tumelelewa nao, lakini mgeni au kijana ambaye hakulelewa kanisani anasikia maneno yaliyopindwa, asijue kwa nini yanamkataa. Ongeza msamiati wa kale, "hwambiwa", "asikia", "Babaye", na utaelewa kwa nini vijana wengine huzipenda tuni kuliko maneno.

Pambio limekaa upande mwingine kabisa. Mistari miwili au minne, kiongozi anaanza, watu wanapokea. Halihitaji projekta wala kitabu, na mtu aliyeingia dakika tano zilizopita anaimba kama mwenyeji. Mengi yamezaliwa katika lugha yetu au za jirani zetu, kwa hiyo mkazo wa maneno na mdundo havigombani. Katika jaribio la kunyamaza, pambio hufaulu karibu kila mara.

Kinachokosekana ni kina. Pambio linalosema Yesu ni mshindi mara arobaini ni kweli na ni zuri, lakini kanisa linaloishi kwa mapambio peke yake halina wimbo wa kuimba siku mtoto wa mshirika amefariki. Mapambio pia hayana rejista: hujui nani alitunga, na maneno hubadilika kutoka kanisa hadi kanisa, wakati mwingine mpaka mafundisho yake yanapotoka. Nimewahi kumsikia mzee wa kanisa akisimamisha pambio katikati kwa sababu liliahidi kitu ambacho Biblia haijaahidi, na nilikubaliana naye.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, sichagui moja. Natumia pambio kufungua midomo na utenzi kuipa kitu cha kusema, na mara nyingi naviunga: pambio la ki ya G (ki ni noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), kisha bila kusimama ubeti wa kwanza wa utenzi katika ki ile ile. Mpiga kinanda mzuri atafanya kiungo hicho kwa kodi mbili.

Nyimbo za waimbaji wetu na nyimbo za nje

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, na hapa nitakaa.

Miaka kumi na tano hivi iliyopita timu nyingi za sifa mijini zilikuwa zikiimba Kiingereza au tafsiri za Kiingereza, kwa sababu nyimbo za kuabudu za Kiswahili zilizorekodiwa vizuri zilikuwa chache; soko lilijaa nyimbo za kwaya na za mwimbaji mmoja mmoja. Leo hali ni nyingine. Tanzania tuna Angel Benard, Joel Lwaga, Paul Clement, Rehema Simfukwe, kundi la Essence of Worship, Neema Gospel Choir ya AIC Chang'ombe jijini Dar es Salaam, Zabron Singers wa Kahama. Kenya wana Reuben Kigame, ambaye alikuwa akitunga nyimbo za ibada za Kiswahili kabla wengi wa hawa hawajaanza, na Mercy Masika na Eunice Njeri. Anayesema hakuna nyimbo nzuri za Kiswahili za kuabudu hajatafuta.

Faida yake ya kwanza ni kwamba zimefikiriwa kwa Kiswahili. Tuni ilizaliwa pamoja na maneno, kwa hiyo neno "mwaminifu" linapata noti zake nne na mkazo unaangukia kwenye "ni" bila kulazimishwa. Ya pili ni kwamba mahangaiko yake ni yetu: ada ya shule, ugonjwa, ukoo, safari. Ya tatu ni kwamba waumini wamekwisha kuzisikia redioni, kwenye daladala na kwenye simu za watoto wao. Unapoufundisha, nusu ya kanisa inaujua tayari.

Lakini wimbo uliorekodiwa kwa ajili ya kusikilizwa si lazima uwe wimbo wa kuimbwa na mkutano, na kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe mara nyingi. Rekodi nyingi za kuabudu zina dakika nane hadi kumi na mbili. Kuna utangulizi mrefu wa kinanda, maneno ya kutamka, kupanda, kushuka, kupanda tena. Kwenye kideo kuna taa na kamera zinazosogea. Kanisani kuna watu waliosimama kwa miguu yao. Mimi hukata wimbo ubaki na beti mbili, kiitikio na ile sehemu ya kilele mara mbili. Dakika nne na nusu. Hakuna mshirika aliyewahi kulalamika kwamba ulikuwa mfupi.

Kisha kuna ki. Mwanamume mwenye sauti ya juu hurekodi mahali panapompendeza yeye, na hana kosa. Ndiyo kazi yake. Watu wa kawaida kwenye mabenchi huimba kwa raha kati ya noti A ya chini na D iliyo juu ya oktavo yake (oktavo ni kutoka do moja hadi do inayofuata), yaani oktavo moja na noti tatu zaidi, wanaume wakiwa oktavo moja chini ya wanawake. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo kabla ya kitu kingine chochote. Kama inapita D, shusha ki mpaka ishuke, hata kama mpiga gitaa ataomba kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, na mwimbaji wako mkuu atasema wimbo "umepoa". Tatizo lingine ni wimbo unaoanza chini kabisa kisha kuruka oktavo nzima kwenye kilele. Ukiushusha, ubeti unazama. Ukiupandisha, kilele kinakimbia. Wimbo wa namna hiyo mpe mwimbaji wa peke yake wakati wa sadaka, usimbebeshe mkutano.

Jambo la tatu ni maneno ya ushuhuda. Nyimbo nyingi nzuri za waimbaji wetu zinasimulia maisha ya mtu mmoja: walinicheka, walinisema, leo wananiona. Ni ushuhuda halali. Lakini ukiweka maneno hayo midomoni mwa watu mia mbili, wanageuka kuwa mia mbili wanaowafikiria jirani zao waliowacheka, na Mungu anabaki mwisho wa sentensi. Kabla sijapitisha wimbo nahesabu: mistari mingapi inamzungumzia Mungu ni nani na amefanya nini, na mingapi inanizungumzia mimi na adui zangu. Sihitaji usawa kamili. Nahitaji Mungu asiwe mgeni ndani ya wimbo wake.

Sasa nyimbo za nje. Mwaka 2023 watafiti nchini Marekani walichunguza nyimbo 38 zilizotamba makanisani kati ya 2010 na 2020, wakakuta 36 zina uhusiano na makanisa manne tu: Bethel la Redding, Hillsong la Sydney, Passion la Atlanta na Elevation la Charlotte. Ni makanisa manne yanayoamua sehemu kubwa ya kile kinachoimbwa hadi kwenye ukumbi wa kukodi wa Mbeya. Silisemi hili ili kuyakataa. Ufundi wao ni wa hali ya juu: tuni zimejengwa zikumbukwe, kiitikio kinafika mapema, kodi nne zinatosha wimbo mzima, na kila kitu kimeandikwa na kupangwa. Afrika nayo imetoa wimbo uliozunguka dunia. Sinach wa Nigeria alitoa wimbo wake "Way Maker" mwaka 2015 na ukafika kwenye makanisa ya Marekani na Ulaya na kuimbwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo.

Shida huanza pale unapotafsiri. Kiingereza husema neema kwa silabi moja; sisi tunahitaji tatu, ne-e-ma. Kinasema "holy" kwa silabi mbili. Sisi tunasema m-ta-ka-ti-fu, tano. Mstari wa Kiingereza wenye mawazo matatu unaweza kubeba wazo moja tu la Kiswahili, na mtafsiri anayetaka kuyaingiza yote matatu anaishia kuwafanya watu waimbe kama wanasoma tangazo kwa haraka. Tafsiri nyingi zinazozunguka zimefanywa namna hiyo. Maneno yapo yote, uimbaji haupo.

Ukilazimika kutafsiri, usitafsiri mstari kwa mstari. Soma ubeti mzima, funga karatasi, jiulize unasema nini, kisha useme kwa Kiswahili kwa maneno machache kuliko unavyotamani. Pale mstari wa Kiingereza unapoishia kwenye noti moja nzito na ndefu, igawe. Kama maneno yako yanaishia "moyo wangu", weka "wa" kwenye pigo lile zito na "ngu" iteleze nyuma yake kwa noti fupi. Mabadiliko hayo madogo yanautoa wimbo ugenini. Halafu usomeni kwa sauti bila tuni, mbele ya mtu ambaye hajui wimbo wa asili. Akiuliza "maana yake nini?", rudini mezani.

Nikiziweka pamoja, uamuzi wangu uko wazi. Kwa kanisa linaloabudu kwa Kiswahili, nyimbo za watungaji wa Afrika Mashariki zichukue sehemu kubwa ya orodha, baada ya kukatwa na kushushwa ki. Za nje ziingie moja moja, pale zinaposema kitu ambacho hatujapata wimbo wetu wa kukisema, na ziingie kwa tafsiri iliyofanyiwa kazi. Sisi tuna mbili tu kwa sasa. Kwa ibada ya Kiingereza ya wanafunzi wa chuo, mizani inageuka, na hiyo ni sawa.

Wenye nota na wenye masikio

Jambo moja nililojifunza kwa majirani zetu Wakatoliki limebadilisha jinsi ninavyotafuta nyimbo. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wao uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ibada zao zilifunguliwa kwa lugha na ngoma za watu, na watunzi wakajitokeza kwa wingi. Majina kama John Mgandu na Bernard Mukasa yanajulikana kwenye kwaya zao kote nchini. Lakini hawakutunga tu, waliandika. Kwenye tovuti ya Swahili Music Notes utakuta nota za nyimbo za Kiswahili za sauti nne, unazipakua bure, na zimepangwa kwa nafasi yake katika misa: mwanzo, matoleo, komunyo, shukrani, na kwa majira kama Majilio, Kwaresima na Pasaka. Mwalimu wa kwaya wa kigango cha mbali anaweza kuufundisha wimbo uliotungwa juzi Dar es Salaam bila kuwahi kuusikia.

Sisi wa makanisa ya kipentekoste na mengi ya kiinjili tunategemea masikio. Wimbo uko YouTube. Mpiga kinanda anasikiliza, anabahatisha kodi, mpiga besi anabahatisha nyingine, na maneno ananakili binti mmoja akisimamisha kideo kila sekunde tano. Ndivyo "fadhili" inavyogeuka "fahili" kwenye projekta. Upande wa Kiingereza wana SongSelect, huduma ya kulipia ya CCLI, shirika la Marekani lililoanza mwaka 1988: maneno, kodi na nota za wimbo, na unaweza kuubadili kwenda ki yoyote kabla ya kuchapa. Hazina yake kubwa ni ya Kiingereza, kwa hiyo anayeabudu kwa Kiswahili hawezi kuitegemea.

Kwa hiyo chanzo chenye nyimbo zinazotufaa zaidi ndicho chenye maandishi machache zaidi. Dawa niliyoipata ni kazi ya mikono. Kila wimbo unaopita kwetu unaandikwa ukurasa mmoja: ki tuliyochagua, noti ya juu kabisa, mpangilio wa beti, kodi juu ya maneno, na maneno yenyewe yaliyohakikiwa na mtu anayejua Kiswahili sanifu. Tumefikisha nyimbo sitini na kitu kwenye faili moja, na makanisa mawili ya jirani yamekuja kunakili. Anayeweza solfa aandike na solfa. Waalimu wengi wa kwaya bado wanasoma do-re-mi haraka kuliko nota za mistari. Kama unamfahamu mwimbaji mwenyewe au mtu wa timu yake, omba kodi. Mimi nimeandika ujumbe mara tatu na mara mbili nimejibiwa kwa ukarimu mkubwa.

Na hata kama wewe si Mkatoliki wala Mlutheri, usione aibu kuchota kwao. Wimbo wa shukrani wa sauti nne uliotungwa kutoka zaburi hauna dhehebu. Angalia tu maneno kabla, kama unavyoangalia ya wimbo wowote.

Mnaotunga wenyewe

Chanzo hiki watu wengi hawakihesabu kabisa. Katika miaka ya 1960, kwenye chuo cha theolojia cha Makumira karibu na Arusha, mmisionari Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi watunge kwa tuni za makabila yao badala ya kuendelea kuimba Ulaya kwa maneno ya Kiswahili. Bernard Kyamanywa akaandika "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni ya Kihaya, wimbo wa Pasaka. Wilson Niwagila akatunga "Njoo kwetu, Roho mwema". Nyimbo zote mbili leo ziko, kwa tafsiri ya Kiingereza, ndani ya kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani cha mwaka 2006. Wenzetu wa ng'ambo ndio waliotafsiri kutoka kwetu. Nikifikiria vijana wa Makumira wa wakati ule na gitaa moja au bila gitaa, naona hatuna sababu ya kungoja studio.

Nyimbo mnazotunga zina udhaifu wa wazi: nyingi hazitadumu, na mtunzi akiwa mwana wa mchungaji ni vigumu kumwambia kwamba ubeti wa pili haujakaa. Lakini zinawafaa watu wenu kuliko chochote, kwa sababu aliyetunga anajua mama wa benchi la nyuma anafika noti gani. Kama hamjawahi, anzeni na zaburi. Zaburi ya 136 imekwisha kupangwa: kila mstari unaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele", mara ishirini na sita. Kiongozi anaimba nusu ya kwanza, mkutano unajibu. Tulitunga tuni yake jioni moja, ya noti tano tu, kwa mdundo tunaouchezea harusini. Watoto wa shule ya Jumapili waliishika kabla ya timu.

Hakimiliki, kwa ufupi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, inalinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kenya nao wana kipimo hicho hicho. Kwa hiyo maneno ya Scriven yako huru kwa Kiingereza. Lakini usidhani kila wimbo unaosikika wa zamani uko huru. Ule unaoanza "Bwana Mungu, nashangaa kabisa" una asili ya Uswidi, shairi la Carl Boberg la 1885, ila maneno ya Kiingereza yaliyouvumisha duniani ni ya Stuart Hine, aliyefariki 1989. Yake bado yanalindwa. Tafsiri nayo ina mwenyewe, tofauti na wimbo wa asili, na kutafsiri wimbo unaolindwa kunahitaji ruhusa ya mwenye wimbo.

Kuimba ibadani ni jambo moja. Kuchapa vijitabu, kurekodi na kurusha ibada mtandaoni ni jingine, na hapo ndipo ruhusa inapoulizwa. Wanaorusha ibada YouTube wanajua kideo kinavyoweza kuwekewa dai au kuzimwa sauti. Njia salama kwa kanisa dogo ni kurusha tenzi zilizokwisha muda na nyimbo zenu wenyewe, na kuomba ruhusa kwa zinazobaki. Na mkiwa na uwezo, mpeni mtungaji kitu. Yeye pia analipa studio.

Kanisa lako ni lipi?

Kama mko watu hamsini, ngoma moja na hakuna kinanda, uzito wako uwe kwenye pambio na tenzi, na wimbo mmoja mpya wa Kiswahili kila wiki sita. Usijaribu kuiga rekodi yenye vyombo tisa. Watu watasikia kilichopungua badala ya kilichopo. Ngoma na makofi vinabeba wimbo wa kuitikiana vizuri kuliko kinanda kibovu.

Kama mko mia mbili na timu yenye vyombo kama sisi, nyimbo tano za Jumapili yetu siku hizi zimekaa hivi: pambio mbili zilizoungwa, wimbo mmoja wa mtungaji wa Afrika Mashariki ambao watu wanaujua, mmoja mpya au unaojifunzwa kwa wiki ya pili au ya tatu, na utenzi mmoja, kwa kawaida baada ya mahubiri. Wimbo mpya unaimbwa Jumapili tatu mfululizo kabla haujapumzishwa. Zamani tulikuwa tukileta mpya kila wiki, na ndiyo sababu mojawapo ya kimya nilichokisikia kule nyuma.

Kama ni kanisa kubwa la mjini lenye ibada ya kwanza ya wazee na ya pili ya vijana, pingeni kishawishi cha kuwa na orodha mbili zisizokutana. Wekeni angalau nyimbo mbili zile zile kwenye ibada zote, hata kama mdundo wake unatofautiana, ili siku mnapokutana wote kwenye mkesha wa mwaka mpya muwe na kitu cha kuimba pamoja.

Na kwa kwaya zenye mwalimu anayesoma nota, mlango wenu ni mpana kuliko wetu wote. Upitieni. Kisha mtuandikie kodi.

Mimi nimerudi mbele, ila Jumapili ya kwanza ya kila mwezi nakabidhi maiki kwa mwenzangu na kwenda kukaa benchi lile lile la nyuma. Mwezi uliopita tulikuwa tunajaribu wimbo mpya, wiki ya tatu. Vyombo viliponyamaza kwenye kiitikio, mama yule wa kando yangu aliendelea, akaingiza sauti ya pili ambayo hakuna aliyemfundisha.